UML

UML ni lugha ya michoro inayotumika kuchambua na kusanifu programu za kompyuta kwa kufuata vitu na uhusiano wake. Iliasisiwa na Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson; shirika la viwango la OMG liliipitisha mwaka 1997.

Hueleweka haraka kwa mfano wa nyumbani. Huko Mnero, mkoani Lindi, mfano huo ni mauzo ya korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima, chama cha msingi cha ushirika, ghala na mnada huwa klasi, yaani aina za vitu, kila moja na sifa na vitendo vyake. Mchoro wa klasi huonyesha kuwa mkulima mmoja huweza kuwa na mizigo mingi. Mchoro wa mfuatano hufuata korosho kutoka mizani hadi malipo.