Habari za Maji ya Kunywa katika Mji wa Aden

Wengi wakisikia habari za mji usio na maji hudhani ni mji mdogo wa maskini. Sivyo. Aden, kusini mwa Arabuni, ilikuwa bandari kubwa tangu zamani. Majahazi ya pwani yetu yaliyopanda na kusi yalitia nanga huko, pamoja na vyombo vya Bara Hindi. Lakini mji wenyewe umejengwa ndani ya shimo la mlima wa moto uliokwisha kuzimika. Hakuna mto, na mvua ni haba mno.

Yapata mwaka 1330 msafiri Ibn Battuta alifika huko, kabla hajaja Mombasa na Kilwa. Aliandika kwamba wenyeji hunywa maji ya mvua yanayokusanyika katika mabirika; tena kwamba maji mengine yako mbali, na mara nyingine Waarabu wa nje huwazuia wasiyafikie mpaka wawape fedha na nguo. Msomaji na asimame hapa kidogo. Watu waliofanya biashara na nchi za mbali hawakuwa na amri juu ya mtungi mmoja wa maji.

Mabirika mashuhuri ya Aden yamo katika bonde la Tawila. Yamechongwa katika mwamba na kupakwa chokaa ngumu, moja juu ya jingine, hata la juu likifurika maji huteremkia la chini. Baadaye yaliachwa, yakafukiwa na mawe na udongo, na Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1839 mengi hayakuonekana. Afisa wao Robert Lambert Playfair, ambaye mwaka 1863 alikuja Unguja kuwa balozi, ndiye aliyehimiza yafukuliwe, na kazi ilianza mwaka 1856. Kazi ilikuwa njema, lakini mvua haikuongezeka kwa sababu yake. Mara nyingi mabirika yalikaa matupu.

Ndipo mwaka 1867 wakapatana na Sultani wa Lahej wajenge mfereji wa kuleta maji kutoka Sheikh Othman. Kwa hiyo mji ulitegemea tena hiari ya watu wa bara, kama siku za Ibn Battuta, ingawa sasa kwa mkataba.

Katika miaka ile ile walianza kukeneka maji ya bahari. Mwalimu apendaye kuwaonyesha watoto jambo hili hana haja ya mtambo. Na achemshe maji ya chumvi chunguni, afunike kwa kifuniko baridi, kisha awaonjeshe matone yaliyoshika chini ya kifuniko. Chumvi haipandi pamoja na mvuke, hubaki chunguni. (Wengine watasema maji hayo hayana ladha, nao wana haki.) Mtambo wa Aden ulifanya hivyo hivyo, ila kwa matanuri makubwa, na matanuri yalikula makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza. Bahari ilikuwa bure, bali moto ulikuwa na bei. Basi maji yale yalikuwa ghali, na maskini waliendelea kununua ya visima, yaliyobebwa katika viriba. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 meli zilizidi kupita Aden, zikichukua bandarini makaa, na pamoja na makaa, maji yaliyopatikana kwayo.