Ngoma ya watoto haikeshi

(methali)

Maana: Jambo linaloendeshwa na wasio na uzoefu halidumu. Kukesha ni kupitisha usiku kucha bila kulala. Ngoma ya wakubwa yaweza kufika alfajiri, bali watoto hushikwa na usingizi mapema.

Mfano: Vijana walinunua mtumbwi bila kuujua uvuvi, wakauuza mwezi uliofuata, ngoma ya watoto haikeshi.

Neno ngoma: Katika methali hii ngoma si chombo pekee, bali ni shughuli nzima ya wimbo, mdundo na mwendo wa mwili. Apigaye ngoma hutoa mdundo, achezaye huufuata. Kitenzi *cheza* hutumika pia kwa michezo ya watoto, hivyo mtoto arukaye kamba na mzee aliye katikati ya ngoma wote wanacheza.

Tanbihi: Methali hii hubeza, wala haifai kutolewa kama hukumu juu ya ngoma ambazo watoto hucheza kweli. Mkoani Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria, bugobogobo ya Wasukuma ilitokana na kazi ya shambani: wakulima walilima pamoja wakifuata mdundo. Wachezaji huyarusha majembe juu na kuyadaka bila kuupoteza mdundo. Watoto nao huicheza, na watu wazima huifurahia, kwa kuwa ni yao pia. Ngoma ya namna hiyo huenda isikeshe, lakini hurithiwa. Atakaye kuisifu na aseme *imenoga*. Methali aiweke kwa mambo yaliyoanzwa bila maarifa.