Ndoana ya Samaki Mkubwa

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Maneno hayo yanawafaa sana wavuvi wa mshipi, kwa maana kitu kilicho kidogo kuliko vyote katika zana zao ndicho kiamuacho kama samaki atafika nchi kavu ama atarudi zake kilindini. Kitu hicho ni ndoana.

Ndoana ni chombo cha kale mno. Katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa nchini Japani, wataalamu walifukua ndoana zilizochongwa kwa makombe ya konokono wa baharini. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 23,000 hivi. Baadaye watu walitumia shaba, kisha chuma. Katika karne ya 19 mji wa Redditch, Uingereza, uliosifika kwa sindano, ulitengeneza ndoana pia. Kwani ajuaye kunoa ncha ya sindano hashindwi kuipinda. Halafu mwaka 1877 kampuni ya Mustad ya Norwei ikaanza kutumia mashine, na ndoana zikatoka kwa wingi usiopata kuonekana.

Wakati huo Wamarekani walikuwa wakimwinda samaki wa maji baridi aitwaye bass, mwenye kinywa kipana na ulafi mwingi. Sisi Wakenya twamjua, kwa sababu mwaka 1929 aliletwa kutoka Marekani akatiwa katika Ziwa Naivasha. Samaki huyu huvizia, kisha humrukia ghafula mnyonge apitaye. Kwa hiyo hudanganyika kwa chambo cha bandia. Mwaka 1852 Julio Buel alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa chambo cha madini chenye umbo la kijiko. Mwanzoni mwa karne ya 20 James Heddon, mfuga nyuki wa Dowagiac, Michigan, aliuza vyambo vilivyochongwa kwa mti. Na tarehe 2 Juni 1932, katika jimbo la Georgia, George Perry alimvua kwa chambo cha bandia bass mwenye uzito wa kilo 10 na kidogo. Miaka 77 ilipita kabla Manabu Kurita hajamfikia, katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009.

Mwaka 1959 bass wa Florida, ambao hukua kuliko wenzao, walipelekwa California. Huko walikula samaki aina ya trauti waliotiwa katika mabwawa, wakanenepa. Wavuvi nao wakatengeneza vyambo vikubwa vinavyofanana na trauti. Hapo ndipo mashaka yalipozuka.

Samaki mzito akiruka na kutikisa kichwa, uzito wa chambo humsaidia kuing'oa ndoana. Mvuvi afanyeje? Ndoana ya waya mwembamba hupenya upesi, lakini huweza kunyooka. Ya waya mnene hainyooki kwa urahisi, lakini huhitaji nguvu nyingi ili ipenye, na uzito wake huweza kukizamisha chambo kilichokusudiwa kuelea. Chuma chenyewe kina siri yake: hutiwa motoni, kikapozwa ghafula, kisha kikapashwa moto tena kwa kiasi. Kikizidi ugumu, huvunjika. Kikizidi ulaini, hukunjuka. Ndiyo maana fundi hutafuta kadiri ya kati, na mvuvi mwenye busara huchagua unene wa ndoana kwa kufuata uzito wa chambo, nguvu ya mshipi wake, na samaki amtarajiaye.

Wala kazi haijaisha. Mara nyingi ndoana ya matawi matatu huning'inizwa kwa kipete cha waya uliozungushwa mara mbili. Kipete hicho huiacha ndoana igeuke pamoja na samaki, asipate pa kujitegemeza. Lakini kikiwa dhaifu, hupanuka, na samaki huondoka na ndoana iliyo imara kabisa kinywani mwake. Hapo ustadi wote wa kuchonga chambo hupotea kwa sababu ya kipande cha waya kisichofika upana wa ukucha.

Basi wewe usomaye historia, usitafute habari za wafalme na vita peke yake. Mchongaji wa Okinawa alitaka kitu chembamba cha kupenya na imara cha kustahimili. Mvuvi wa leo, pamoja na mashine zote, angali akipima mambo hayo hayo mawili.