Shoka na Mpini Wake

Kariakoo, mitaa iliyo karibu na bonde la Jangwani katika mji wa Dar es Salaam, ilipata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Maelfu ya wachukuzi walikufa katika vita vile, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Habari zao zastahili siku yake. Leo twatazama chombo kisichokosekana kambini, maana posho ya unga haiivi bila kuni.

Mashoka ni ya namna mbili. La kwanza ni la wahunzi wetu wa zamani. Katika nchi ya Wahaya chuma kiliyeyushwa yapata miaka 2,000 iliyopita, nao Wafipa walijenga matanuru marefu kupita kimo cha mtu, wakayatumia hata karne ya 20. Shoka lao lina msuka, yaani ncha nyembamba nyuma ya bapa. Msuka hutiwa motoni mpaka uwe mwekundu, ukatoboa kichwa kinene cha mpini. Kila pigo huuzamisha zaidi, basi shoka hili halichomoki upesi. Wako wanaolicheka kuwa ni la kizamani. Sisi twaona hawakulifikiri. Aibu yake ni moja: mwishowe mpini hupasuka.

La pili ni lenye tundu, lililoletwa na meli kutoka Ulaya. Ni zito, na mgongo wake mnene hutanua gogo likapasuka. Lakini hapa mpini ndio uingiao katika chuma. Ukikauka kwa jua hunywea, chuma kikalegea, na siku moja kikaruka kumpiga mtoto aliyesimama karibu. Wengi huliloweka majini usiku kucha. Mti huvimba, kisha ukikauka hulegea kuliko mwanzo. Dawa ni kabari mpya ya mti mkavu. Mpini wenyewe uwe wa mkole au mti mwingine mgumu usiokatika upesi, usio na fundo, nyuzi zake zikifuata urefu wake.

Tena shoka la kupasulia lisinolewe jembamba kama la kukatia, kwani makali membamba hunasa katika gogo na kumeguka.

Huko Gerezani, jirani ya Kariakoo, wahunzi wa siku hizi hufua zana kwa vyuma vya magari mabovu. Anunuaye shoka la tundu na alitazame tundu kwanza: likiwa limepinda, makali hayatalingana na mpini, hata autie mpini gani.