Safari ya Familia kwa Meli ya Kitalii Wakati wa Maradhi ya Mlipuko: Hukumu na Mambo ya Kuzingatia



Tumekuwa tukipokea maswali kutoka Unguja na Pemba kuhusu safari za meli kubwa za kitalii. Mara nyingi jambo huanza hivi: ndugu walioko Dubai au Muscat wanataka kuwakusanya wazee na watoto kwa siku saba baharini. Wao wanalipa nauli ya meli, na walioko visiwani wanajitafutia tiketi ya ndege na viza, na wakati wa mlipuko chanjo na kipimo pia. Meli hizi huondoka Dubai na Abu Dhabi katika miezi ya baridi, hupita bandari za Ghuba na kurudi zilikoanzia. Wanaouliza wanataka kujua kama safari yenyewe inafaa, wafanye nini na vyeti na bima, na wataswali vipi wakizuiliwa ndani ya meli.

Asili ya kusafiri kwa mapumziko ni mubaha, na mwenye kunuia kuunga udugu hupata thawabu za nia yake inshaAllaah. Hilo halina mvutano. Lakini tunamwomba msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo, kwani majibu mengi yanayofuata yanalitegemea: safari hii haina dharura. Anayekwenda India kutibiwa, au mwanafunzi anayerudi chuoni, ana udhuru ambao mafaqihi huupima na kumfungulia baadhi ya milango. Anayekwenda kutembea hana udhuru huo. Asiposafiri mwaka huu hakuna wajibu wake unaopotea.

Yaliyozikuta meli

Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Chanzo kilichojulikana ni abiria mmoja aliyeteremka Hong Kong tarehe 25 Januari na baadaye akapatikana na maradhi. Kuanzia tarehe 5 Februari abiria walifungiwa vyumbani mwao kwa siku 14, na wengine vyumba vyao havikuwa hata na dirisha. Walioambukizwa walifikia 712, na zaidi ya kumi wakafariki. Mwezi huo huo meli nyengine, Westerdam, ilikataliwa na bandari za nchi kadhaa bila kuwa na mgonjwa aliyethibitishwa, mpaka ikapokewa Sihanoukville, Cambodia.

Haya hayakuisha baada ya chanjo kupatikana. Tarehe 30 Disemba 2021 taasisi ya afya ya Marekani, CDC, iliwashauri watu waziepuke safari za meli hata kama wamechanja. Januari 2022 meli ya kitalii iliyotoka Mumbai ilifika Goa, India, wakapatikana watu 66 wenye maambukizi, na abiria wakazuiwa kuteremka.

Na sisi wa visiwani hatuhitaji kwenda mbali kufahamu karantini ni nini. Kisiwa cha Changuu, ambacho leo watalii hupelekwa kuangalia makobe, kilitumika kuwaweka abiria wa vyombo walioshukiwa kuwa na maradhi kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini.

Kuna na mlango wa viwanja vya ndege. Oman iliwazuia wasafiri waliotoka Tanzania kuanzia tarehe 25 Februari 2021, pamoja na nchi nyengine kadhaa. Imarati nao waliwazuia kuanzia tarehe 25 Disemba 2021, wakafungua tena tarehe 29 Januari 2022. Familia iliyolipa meli ya katikati ya Januari ilibaki nyumbani, meli ikaenda zake.

Mafunzo ya Mtume na kisa cha 'Umar

Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuingia katika ardhi iliyosikiwa kuwa na tauni, na amekataza kutoka kwa kuikimbia pale inapozuka mahali ulipo. 'Umar bin Al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu) alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh na kupewa habari za maradhi. Aliwataka shauri Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Quraysh, akaamua kurudi. Abu 'Ubaydah alipomuuliza kama anaikimbia Qadari ya Allaah, alimjibu kwa maana ya kuwa anatoka katika Qadari ya Allaah na kwenda katika Qadari Yake. Kisha 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf akaja na Hadithi iliyowafikiana na uamuzi huo.

Tuangalie 'Umar alikuwa anakwenda kufanya nini. Ni khalifa, anakwenda kukagua majeshi na mambo ya raia, na bado aligeuza. Atakayesema kwamba kuahirisha matembezi ni udhaifu wa tawakkul hajakifahamu kisa hiki.

Je, maana yake safari zote ni haramu madhali maradhi yapo? Hapana. Imam An-Nawawi ametaja katika sharhi ya Swahih Muslim kuwa wanavyuoni wamewafikiana juu ya kufaa kutoka kwa shughuli isiyokuwa ya kukimbia maradhi. Na maradhi yakiwa yameenea huku na huko, hukumu hurudi kwenye madhara: waganga waaminifu wanasema nini, na wenye mamlaka wameamrisha nini. Nchi unayokwenda ikiwa imefungua milango na hali ni nyepesi, safari inafaa. Mamlaka za afya zikiwa zinatahadharisha waziwazi juu ya meli, rai yetu ni kuwa kumpakia mzee mwenye kisukari au maradhi ya kifua kwa ajili ya matembezi hakufai, hata kama tiketi yake imelipwa na mtu mwengine. Meli ikishazuiliwa, hukumu ya ardhi yenye maradhi inaihusu: wa nje asipande, na wa ndani asitoroke.

Cheti cha kipimo na cha chanjo

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa urefu, kwa sababu wapo wanaotuuliza kwa sauti ya chini kama kuna ubaya gani kununua karatasi ya kipimo, ikiwa mtu mwenyewe anajihisi mzima na foleni ni ndefu.

Cheti ni ushahidi. Aliyekiandika anashuhudia kwamba fulani amepimwa siku fulani na hakuonekana na maradhi. Anayekionesha bandarini anashuhudia vivyo hivyo kwa kitendo chake. Ikiwa hakupimwa, huo ni ushahidi wa uongo, ambao Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameuhesabu katika madhambi makubwa na akaurudia kuutahadharisha mpaka Swahaba wakatamani angenyamaza. Juu ya hapo ni ghushi kwa mwenye meli, na ni hatari kwa maelfu ya watu watakaokula na kulala chini ya dari moja. Muuzaji wa cheti na mnunuzi wote ni washirika katika dhambi, na pesa aliyoichukua muuzaji si halali kwake.

Kujihisi mzima hakubadilishi kitu. Maradhi haya humkaa mtu bila ya dalili, na ndiyo sababu ya kuwekwa kipimo. Wala haisaidii kusema kuwa hao ni makafiri na sheria ni zao. Ukinunua tiketi umekubali masharti, na Muislamu hufungwa na masharti aliyoyakubali madhali hayahalalishi haramu.

Vivyo hivyo kuficha homa. Mama anayempa mtoto dawa ya kushusha joto asubuhi ya kupanda meli ili apite kwenye kipima joto ameghushi. Tunajua ni vizito: nauli imelipwa, ndugu wameshakusanyika, na mtoto mmoja anawavunjia wote safari. Lakini Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa wenye ngamia wazima. Na katika ujumbe wa Thaqif alikuwamo mtu mwenye ukoma, akampelekea ujumbe kwamba bai'a yake imeshakubaliwa na arudi, kama ilivyopokewa na Muslim. Mtu huyo alikuja kwa jambo tukufu kuliko matembezi yoyote, na bado aliambiwa arudi.

Upande wa utaratibu, someni masharti ya pande tatu, kwani hayalingani: nchi mnayoingia, meli yenyewe, na kila bandari mtakayoteremka. Wakati wa mlipuko saa za kipimo zilihesabiwa tofauti. Wengine walianza pale ulipochukuliwa kipimo, wengine jibu lilipotoka. Si kila aina ya chanjo ilikubaliwa kila mahali, na umri wa watoto waliosamehewa chanjo nao ulitofautiana. Jina katika cheti liwe sawasawa na la pasi. Majina yetu ya watu watatu yamewakwamisha wengi. Na msisahau cheti cha homa ya manjano.

Bima na arbuni

Meli nyingi wakati wa mlipuko zilishurutisha bima inayogharamia matibabu na karantini. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1985, iliharamisha bima ya kibiashara na kuelekeza kwenye bima ya ushirikiano, inayojulikana kama takaful. Aliyelazimishwa na sheria katika jambo asiloweza kuliepuka, wanavyuoni wamemfanyia wepesi. Msafiri wa starehe hajalazimishwa. Basi atafute takaful ya safari, na katika nchi za Ghuba inapatikana; wanaowaalika wapewe kazi hiyo. Bima ikiwa imo ndani ya bei ya tiketi na haitenganishwi, wapo wanavyuoni walioona imesamehewa kwa kuwa inafuata kitu kingine na sicho kilichokusudiwa. Hatumkatazi anayeifuata rai hiyo.

Ama arbuni, ile pesa ya mwanzo inayopotea mnunuzi akijitoa, jamhuri ya wanavyuoni wakiwemo Mashafi'i hawaikubali, na Mahanbali wanaikubali. Majmaa iliyokutana Brunei mwaka 1993 iliijuzisha kwa sharti muda wa kungoja uwe umewekwa. Kwa hivyo ukijitoa mwenyewe, usidai kisichokuwa chako. Lakini kampuni ikiifuta safari, haikutoa ilichouza, na haki yako ni pesa yako. Mwaka 2020 kampuni nyingi ziliwapa watu hati ya kusafiri siku nyengine badala ya fedha. Hiyo inafaa kwa ridhaa yako tu. Soma ukurasa wa marejesho kabla ya kulipa, na kama pesa ni za mkopo wa riba, achana na safari.

Swala melini na karantini

Aliyetoka Zanzibar kwenda Dubai ni msafiri, na anaruhusika kupunguza na kukusanya. Akifikia kwa ndugu yake akiwa amenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, basi kwa madhehebu ya Shafi'i anaswali kamili huko. Meli iking'oa nanga anarudi kwenye hukumu ya safari. Na ambaye Ijumaa ni wajibu kwake asianze safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, isipokuwa awe ataipata njiani. Melini ataswali Adhuhuri.

Qibla yetu visiwani ni takriban kaskazini. Dubai ni takriban magharibi, na kadiri meli inavyopanda kuelekea Dammam ndivyo inavyoinama kusini magharibi. Dira ya simu hudanganywa na chuma cha meli, kwa hivyo angalieni ramani ya safari na jua. Meli ikigeuka katikati ya swala ya faradhi, mwenye kuswali naye anageuka kuelekea Qibla. Anaswali kwa kusimama, ila akichelea kizunguzungu anaruhusika kukaa.

Suala gumu ni la meli iliyozuiliwa bandarini. Mashafi'i wanatofautisha hali mbili. Mkiambiwa tangu mwanzo kwamba ni siku 14, mmeshajua kuwa mtakaa zaidi ya siku nne, basi mnaswali kamili na kila swala kwa wakati wake. Mkiambiwa mngoje majibu, na kila siku mnatarajia kuondoka, mnaweza kupunguza mpaka siku 18. Madhehebu mengine yameongeza muda kwa mwenye kungoja bila ya kujua mwisho. Baba awaswalishe mkewe na watoto chumbani jamaa. Asipande kwenye ukumbi aliokatazwa kwa hoja ya kutafuta fadhila za jamaa kubwa.

Yaliyobaki

Pombe na kamari zimo katika meli nyingi. Kuwamo kwake hakuharamishi safari, lakini msikae meza inayonywewa pombe, na msinunue tiketi ambayo bei yake inajumuisha vinywaji hivyo ikiwa ipo isiyokuwa nayo. Ombeni chakula cha halali kwa maandishi siku kadhaa kabla. Samaki ni halali, ila ulizeni kimepikwa na nini. Mabwawa ya kuogelea ya mchanganyiko yaacheni.

Mwenye deni lililofika muda wake alilipe au aombe ruhusa ya mdai kwanza. Aandike wasia, aoneshe nani atawaangalia watoto waliobaki nyumbani akizuiliwa wiki mbili zaidi, na awaachie matumizi ya muda huo. Mwenye dawa za kila siku achukue za mwezi mzima hata kama safari ni ya wiki, na azibebe mkononi, si ndani ya sanduku.

Wa Allaahu A'lam.