Maisha ya Mtaani Yanayorukwa Mazishini

Programu ya mazishi ya mzee wa Eastlands ina mpangilio unaojulikana na kila mtu aliyewahi kukaa chini ya turubai la matanga. Kwenye jalada kuna picha ya marehemu, suti na tai, na chini yake miaka miwili. Ndani kuna wasifu. Alizaliwa Gem, au Maragoli, au Kangundo, au Murang'a. Akabatizwa. Akasoma hadi darasa la nne, karo ikamkatiza. Akaenda Nairobi kutafuta kazi. Sentensi inayofuata, mzee amestaafu, amerudi nyumbani, anafuga ng'ombe na kulea wajukuu.

Kati ya sentensi hizo mbili mna miaka thelathini, mara nyingine arobaini. Miaka hiyo ndiyo mitaa ya Eastlands: Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Bahati, Maringo, Jericho. Ndiyo kazi, ndoa, migomo, kanisa, mpira wa Jumapili, na jirani aliyekaa na watoto mama yao alipolazwa. Nimesoma programu nyingi za namna hii na nimesikitika mahali palepale kila mara. Hakuna aliyekusudia kuficha kitu. Wasifu huandikwa na mtoto au mpwa usiku wa kuamkia safari, kisha husomwa kijijini mbele ya watu waliomjua marehemu kama mgeni wa Desemba. Hata hivyo, pengo hilo lilianza kuchimbwa zamani sana, kabla ya huyo mpwa kuzaliwa.

Nairobi ya wakoloni haikutaka Mwafrika azeekee mjini. Alihitajika akiwa na nguvu; zikimwishia, arudi alikotoka. Kipande, kitambulisho cha kazi kilichoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilining'inizwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kilikuwa na jina la mtu, alama za vidole, mwajiri wake na ujira wake. Kwa maelfu ya wanaume huo ndio uliokuwa wasifu wao wa kwanza, nao uliandikwa na bwana. Makazi yalijengwa kwa hesabu hiyohiyo: vyumba vya wanaume wasio na wake wala watoto, na Reli ikiwaweka wafanyakazi wake Muthurwa, kisha Makongeni. Kaloleni, iliyojengwa kati ya mwaka 1945 na 1948, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kukubali kwamba mfanyakazi Mwafrika ana familia. Ilipewa nyumba za matofali, uwanja wa nyasi na ukumbi katikati.

Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa chama cha KAU (Kenya African Union) na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki, akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alikamatwa, na serikali ikamweka kizuizini hadi mwaka 1961. Jina lake limo vitabuni, na anastahili. Lakini ukumbi ule haukujazwa na Makhan Singh peke yake. Wengine waliokuwamo walizeeka, wakafa, na wasifu wao ukasema walikwenda Nairobi kutafuta kazi.

Upande wa pili wa Mto Nairobi, Kariokor inabeba pengo kubwa zaidi. Hapo palikuwa kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale waliobebeshwa risasi na unga kuwafuata wanajeshi hadi Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi. Njaa, kuhara na malaria viliwaua wengi kuliko bunduki. Walijengewa kumbukumbu: sanamu tatu za shaba ambazo hadi leo zimesimama katika Barabara ya Kenyatta, na Pumwani ukumbi ulioitwa Memorial. Sanamu hazina hata jina moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri rasmi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na kwa familia zilizosubiri miaka mia moja, radhi hiyo si kitu kidogo. Ila kina mama waliobaki na mimba na mashamba mwaka 1917 walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani.

Kuna wazee wa Eastlands ambao hawakusafirishwa kwenda popote, na habari zao ndizo ninazozipenda kuliko zote. Ni wazee wa Majengo, ndani ya Pumwani.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya mjini. Pangani ya zamani, kijiji kikubwa kuliko vyote, ilivumilia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 ndipo ikavunjwa, na wengi wa watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Tofauti na mitaa ya baraza la mji, Pumwani mtu aliruhusiwa kujenga nyumba yake mwenyewe: udongo na fito, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, wapangaji ndani. Na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Walikuwa wamekimbia ndoa, njaa au baba mkali. Walipata fedha kwa kuuza pombe, kwa kupika, na kwa kulaza wanaume ambao mji uliwakataza kuja na wake zao. Wakaweka akiba, wakajenga. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wengi wao katika miaka ya 1970, walipokuwa vikongwe, na Janet Bujra naye aliandika kuwahusu. Bila kazi hizo mbili tungekuwa na maneno ya maafisa peke yake, na maafisa hawakuwa na neno jema.

Wengi wa wanawake hao walisilimu. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja inahusu jambo tunalolizungumzia: walipata watu wa kuwazika. Mwanamke aliyekatwa na ukoo wake alijua kwamba siku akifa, wanawake wa Majengo watamwosha na kumvika sanda, wanaume watamswalia na kupokezana jeneza begani, na kabla jua halijatua atakuwa amelazwa katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Siku za hitima zitafika, na arobaini yake itasomwa. Nyumba ingeweza kubaki kwa binti aliyemlea bila kumzaa. Tazama basi lilivyogeuka jambo hili. Hao ndio walioitwa watu wasio na kwao, na hao ndio ambao mjukuu wao anaweza kutoka Digo Road kwa miguu hadi kaburini, akasoma Fatiha, akarudi kabla chai haijapoa.

Wengine wote walipaswa kupelekwa nyumbani, na kupeleka maiti nyumbani kunagharimu. Mji uliwafundisha watu kuungana. Vyama vya kikabila na vya koo vilivyoota Nairobi kati ya vita vikuu viwili vya dunia vilifanya mambo mengi, siasa na mpira vikiwamo, lakini kilichowafanya watu walipe ada kila mwezi kilikuwa hofu ya kufia ugenini. Mweka hazina na daftari lake walikaa chini ya mti Jumapili alasiri, majina yakasomwa, aliyekosa akaulizwa. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Timu za mpira zilibadilisha majina ili ziendelee kucheza: Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Reunion. Ile kazi ya kuzika haikungoja amri yoyote. Iliendelea kwa vikundi vidogo vya kijiji kimoja, vya kanisa, vya laini moja ya nyumba, na inaendelea hadi sasa, ila daftari limehamia kwenye simu na mchango unaingia kwa M-Pesa.

Swali la nyumbani ni wapi lilifika mahakamani kwa kishindo alipofariki wakili S. M. Otieno, Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano. Mei 1987 ukoo ulishinda. Otieno hakuwa mtu wa Eastlands, lakini nadhani hakuna mahali kesi ile ilijadiliwa kwa uchungu kama kwenye vibaraza vya Jericho na Makadara, maana kila mzee alijiuliza swali lake mwenyewe. Mahakama ilisema, kwa kifupi, kwamba maisha ya mjini hayamwondolei mtu mila za kwao. Ilikuwa hukumu ya kisheria kuhusu mwili mmoja. Athari yake, kwa maoni yangu, ilikuwa kuthibitisha lile pengo la kwenye programu: kwamba mjini mtu hupita tu.

Ukitaka kusikia maisha yenyewe, nenda matangani mtaani kabla gari halijaondoka. Huko ndiko mzee anakokumbukwa kikamilifu. Kuanzia saa kumi na mbili jioni watu wanatoka kazini wanapitia kwa wafiwa. Viti vya plastiki vimekodishwa, kuna kwaya ya vijana, kuna meza ya mchango na karani wake. Baada ya sala wanaanza kusimama watu ambao hawamo kwenye programu ya kijijini. Mtu waliyefanya naye zamu ya usiku karakana ya Reli. Mama aliyeuza naye mboga soko la Burma. Mchezaji wa zamani wa timu ya mtaa. Mpangaji wa chumba cha pili, wa kabila jingine, anayesema kwamba mwaka 1982, jaribio la mapinduzi lilipovuruga mji, walikula kwenye sufuria moja siku tatu. Hapo utasikia pia marehemu aliitwa nani hasa. Mama mzazi wa kijana anayeitwa Ochieng' ni Mama Ochieng' kwa mtaa mzima kwa miaka hamsini. Jina la ubatizo lililoandikwa kwenye jeneza huwashangaza majirani.

Maneno haya hayaandikwi. Karani anaandika michango tu. Alfajiri jeneza linapandishwa kwenye kerya ya matatu au ndani ya basi, safari inaanza, na yale yaliyosemwa usiku ule yanabaki kwa waliokuwapo.

Eastlands ina mitaa yenye majina ya marehemu, ni kweli. Mbotela inamkumbuka Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyeuawa Novemba 1952. Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na Ofafa Kunguni zinamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani na mweka hazina wa Luo Union, aliyepigwa risasi mwaka 1953. Majina hayo yalitolewa wakati wa Hali ya Hatari, na serikali iliyoyatoa ilikuwa na sababu zake: wote wawili walihesabiwa kuwa watu wa msimamo wa wastani, na vifo vyao vilitumiwa dhidi ya Mau Mau. Wale waliozolewa Nairobi katika msako wa serikali ya kikoloni ulioitwa Anvil kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, wakapelekwa vizuizini kwa maelfu, hawakupewa mtaa. Wengine walirudi Bahati na Shauri Moyo, wakaishi kimya, wakafa wazee. Katika wasifu wao pengo ni mara mbili.

Kuna mzee aliyepata jina bila kuuawa. Joe Kadenge, mfalme wa chenga, alipofariki Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 84, kaunti ya Nairobi ililipatia jina lake dimba la City lililoko Barabara ya Jogoo. Makondakta bado wanaita City Stadium, na itachukua muda. Nilifurahi, kwa sababu Kadenge alikuwa mtu wa watu aliyeishi akaonekana akizeeka.

Kumbukumbu nyingine iko kwenye kadi za kodi ya nyumba. Katika mitaa ya zamani ya baraza, wapangaji wengi wa leo ni watoto na wajukuu wa mpangaji wa kwanza, na si ajabu kodi kuendelea kulipwa kwa jina la babu aliyezikwa zamani. Maafisa huona hili kuwa kasoro ya rekodi. Mimi naona ni orodha ya wakazi waanzilishi wa mji huu, laini kwa laini, namba kwa namba, na sijui nyingine iliyo kamili hivyo. Sasa mitaa ya zamani inaondoka. Nyumba za zamani za baraza huko Pangani zimebomolewa kupisha maghorofa, ikawa Pangani imebomolewa mara mbili katika karne moja. Makongeni, Shauri Moyo na Starehe zimo katika mpango wa nyumba za bei nafuu. Nyumba bora zinahitajika, na aliyepanga foleni chooni miaka sitini ana haki ya kuzidai. Ila sijui kama kuna anayezinakili kadi zile kabla ya tingatinga kuingia.

Mtoto aliyezaliwa Kaloleni mwaka ilipokamilika yuko katika miaka ya sabini mwishoni. Bado anakumbuka mama yake alipata namba gani ya nyumba, nani aliishi mkabala, mzee alikuwa na cheo gani Reli, nani alichukuliwa mwaka 1954 na alirudi lini, timu ya mtaa ilivaa rangi gani, daftari la chama cha maziko lilikuwa kwa nani. Ukurasa mmoja unatosha majibu hayo, na programu ya mazishi huwa na kurasa nane, nusu yake picha.