Bunduki Ndani ya Behewa

Mwaka 1890 mashindano makuu ya kulenga shabaha ya Uingereza yalihamishwa kutoka Wimbledon hadi Bisley, Surrey. Ikajengwa reli fupi kutoka stesheni ya Brookwood hadi uwanjani, na walengaji wakawa wanasafiri kwa treni pamoja na bunduki zao. Wakati huo sheria ya 1870 ilidai leseni ya shilingi kumi tu, iliyopatikana posta. Mwenye fedha hakuulizwa sababu.

Swali la sababu liliingia na Sheria ya Silaha ya 1920. Hapa ndipo msomaji asiharakishe: serikali haikuwahofia majambazi peke yao. Iliwahofia pia wafanyakazi wenye hasira na askari waliorudi kutoka vitani, ilhali Urusi ilikuwa imekwisha kupinduliwa. Polisi wakapewa mamlaka ya kupima nani anafaa kuaminiwa. Kipimo hicho, kwa maoni yangu, kilikuwa cha kitabaka tangu mwanzo.

Reli ya Bisley ilifungwa 1952. Mlengaji mwenye cheti bado anaweza kupanda treni, bunduki ikiwa haina risasi, na huitia katika mfuko usioonyesha kilichomo.